Fakiri Hana Ngao

Wiki iliyopita mliniacha ghorofa ya tatu, Michenzani, nimefungiwa mlango usoni na mwanangu Tabia analia upande wa pili. Niligonga ule mlango mpaka viganja vikavimba. Hakufungua mtu.

Kwa aliyenikuta njiani, nitamweleza kwa ufupi. Mimi ni Time. Nilikuwa na mume, Mcha, na nilikuwa na shoga, Mwanapili. Mimi na Mwanapili tulivaa sare moja, tukala sahani moja, na siri zangu zote zililala kwake. Mcha akaniacha. Sijatoka edani akamwoa Mwanapili. Tabia alipotimia miaka saba Mcha akaja kumchukua, akasema mtoto keshafika umri wa kukaa na babake.

Sasa amepewa kazi Wete, kwenye ghala la karafuu. Jumamosi anahamia Pemba na mkewe, na mwanangu anakwenda nao.

"Mwachie mtoto mamake," nilimlilia kwenye tundu ya ufunguo.

"Ukimtaka mtoto, muombe Mungu akupe mwengine," alinijibu.

Hapo machozi yangu yakakauka. Nilishuka zile ngazi za saruji nikijisemea: Mcha simuwezi. Ana cheo, ana haki, ana mlango wa kunifungia. Lakini Mwanapili ninamuweza. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu nilimvalisha nguo mwenyewe.

Nilitaka nini? Nitasema kweli, maana siandiki hapa nipate kusifiwa. Nilimtaka mwanangu. Lakini asubuhi ile, kama mtu angeniuliza ghafla, ningemtaja Mwanapili kwanza.

Mungu hakunichelewesha. Nilipofika Hurumzi, kwenye nyumba tuliyopanga, nilimkuta Savita, mshoni wetu, ameketi mlangoni na cherehani yake. Savita ana kaka mwenye duka Darajani, na lolote linalosemwa barazani pale humfikia kabla ya adhuhuri.

"Bi Time, njoo ukae. Nna habari ya mumeo."

"Sina mume."

"Ya yule uliyekuwa naye. Jana kakaa barazani kwa kaka yangu. Kasema kwa sauti, mpaka wapita njia wakasimama. Kasema kachoka na mkewe kuja humu kwa Bi Rukhsana kucheza mchezo wetu. Eti mchezo wa mashetani. Kaapa kwa Mungu: Mwanapili akivuka tena kizingiti cha nyumba hii, talaka yake imetoka."

"Kaapa mbele ya watu?"

"Mbele ya baraza nzima. Na mwenyewe Mwanapili keshamwambia."

Moyo wangu uliruka. Kwetu talaka ya sharti haina mzaha. Mume akishaifunga kwa yamini, sharti likitimia mke ameachika palepale, hata kama mumewe wakati huo yuko kwa kinyozi ananyolewa.

Kwa hivyo ndoa ya Mwanapili ilikuwa imelala juu ya kizingiti. Kilichobaki ni mguu wake tu.

Nilipanda chumbani kwangu nikafungua sanduku. Ile kanga ya sare aliyonipa Mwanapili siku ya harusi yangu bado nilikuwa nayo. Nikaikunja, nikamshukia Savita.

"Mpelekee Mwanapili. Mwambie Time anakurudishia chako, kwa kuwa na wewe unapenda vya watu. Na mwambie Fakiri anamngoja Amiri uwanjani, Jumatano baada ya alasiri. Kama anaogopa, tutajua."

Savita aliacha kukanyaga cherehani. "Unajua unalolitaka?"

"Nnalijua."

"Hatokuja. Nani atakayeivunja ndoa yake kwa sababu ya kanga?"

"Wewe humjui Mwanapili. Tangu utotoni akiambiwa anaogopa hupanda mti."

Hapa inanibidi niwaeleze mchezo wenyewe, maana pasipo mchezo huu balaa langu halieleweki.

Bi Rukhsana ni mjane wa mfanyabiashara, na nyumba yake ni ile ya ghorofa tatu ambayo sisi wengine tumepanga vyumba ndani yake. Mchezo aliutunga yeye, kwa hadithi alizosimuliwa na bibi yake. Sinia ya shaba huwekwa katikati ya mkeka, ikanyunyizwa unga wa mchele, naye akachora kwa kidole: hapa ua wa kasri, hapa kisima, hapa ngazi. Yeye ndiye mtambaji. Hutamba mpaka penye hatari, akanyamaza, akatutazama. "Haya, mnafanyaje?"

Kila mmoja humsemea mtu wake. Ukisema unapiga, unatupa kete za pwani, na zile zilizolala mdomo juu ndizo zinazokuhesabia. Mbaazi ndiyo damu yako. Zikikwisha umekufa, na wafu huenda jikoni kutia maji ya chai.

Watu wa kuchagua wako wengi. Amiri ana panga, ana ngao, na mbaazi zake zinajaza kiganja. Mwanapili hakuwahi kuchukua mwengine ila Amiri. Savita huchukua Mwizi, anayefungua kila kufuli. Yuko Mganga, yuko Mpiga Mishale. Na mwisho kabisa, anayeachiwa mgeni au aliyechelewa kuja, yuko Fakiri.

Fakiri hamtaki mtu. Hana panga wala ngao, ana shuka moja na mikono yake mitupu. Ameapa umaskini, kwa hivyo mkifungua sanduku la dhahabu yeye huangalia tu. Mbaazi zake chache; mapigo mawili matatu ya Amiri na jiko linamwita.

Mimi nilimchukua Fakiri tangu siku niliyoachwa. Tulifanana: na mimi sikubakiwa na kitu mkononi. Wenzangu walicheka. Niliwaacha wacheke nikamsoma.

Mpokonye Amiri panga lake, amekwisha. Fakiri utampokonya nini? Sumu haimdhuru. Mshale huudaka. Akianguka kutoka juu ya dari huinuka akapangusa shuka yake. Tena ana pumzi. Pumzi zake ni punje za mahindi, nazo pia chache, na kwa kila punje anayoitoa hupiga mara tatu pale mwenzake anapopiga mara moja, au huruka pasiporukika. Ana pia kidole cha ganzi: akikugusa nacho shingoni unasimama kama nguzo zamu nzima.

Ubaya wake umo humohumo. Pumzi zikimwishia, Fakiri ni mtu mwenye njaa aliyejifunga shuka. Sharti akae kitako zamu nzima bila ya kufanya lolote ndipo zimrudie, na anapokaa kitako ndipo anapokatwa. Nguvu zake zote anazikopa kutoka kesho.

"Fakiri si mtu wa kupigana, Time," Bi Rukhsana aliniambia siku moja. "Ni mtu wa kupiga na kuondoka. Wewe kupiga unajua. Kuondoka huwezi."

Nilimcheka.

Kwa kawaida tunasafiri pamoja dhidi ya mazimwi. Lakini mwenye dukuduku na mwenzake anaruhusiwa kuitisha uwanja: wawili wapigane, na aliyeshindwa amtimizie mshindi ombi moja mbele ya wote, hata likimkwama kooni.

Jumatano ikafika. Nilioga, nikajifukiza udi kama ninakwenda kuolewa. Bi Rukhsana alikwishatandika mkeka. Kuhusu kiapo cha Mcha alikuwa hajui kitu, na mimi sikumwambia. Angalijua, angaliteremka mwenyewe kumzuia Mwanapili mlangoni.

Alasiri ilisaliwa. Watu wakakaa. Savita akaniangalia kama anayesema, nilikwambia hatokuja.

Mara tukasikia mlango mkubwa wa chini unasukumwa, na hodi moja ya juu juu. Kisha miguu ngazini, mbio.

Mwanapili aliingia anahema. Buibui halikukaa sawasawa, na miguuni alivaa kandambili za uani. Nikajisemea, angalia hasira ilivyompeleka puta, hata viatu hakuvaa. Na mimi ndani yangu nikapiga vigelegele. Kizingiti keshakivuka. Mke wa Mcha hakuwa tena mke wa mtu, na alikuwa hajui kuwa mimi ninajua.

"Shikamoo, Bi Rukhsana," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona unatweta?"

Alinigeukia mimi. "Time, nna neno nawe. Tutoke nje."

"Nje ya nini? Umeshaingia, shoga. Keti."

"Neno la Tabia."

Watu wakaniangalia. Na mimi nikafikiri: huyu keshakumbuka kiapo, anatafuta njia ya kutoka kabla hajaonwa na wengi. Anamtumia mwanangu kama ufunguo. Kwanza aliutumia kuniingilia nyumbani, sasa anautumia kutokea.

"Mwizi wa waume hakosi neno," nilisema, na nikasema kwa sauti. "Alipokuwa akija kwangu kuomba chumvi pia alikuwa na neno. Kumbe chumvi aliitaka ya kitandani."

Wanawake wakacheka. Savita hakucheka.

Mwanapili alisimama pale katikati ya chumba, mkono ameuweka kifuani, mdomo wazi. Uso ulimwiva. Nilikuwa nimeungoja ule uso tangu siku ya harusi yao, na nilipoupata niliufaidi.

Bi Rukhsana alisema, "Kama mna neno, semezaneni kwanza. Kete hazikimbii."

"Neno lake nitalidai nikishamshinda," nilijibu. "Ndilo litakuwa ombi langu. Au Amiri anaogopa?"

Mwanapili alinitazama sana. Kisha kitu kikajifunga machoni mwake. Alivua buibui akalitupa kando, akaketi.

"Haya," alisema. "Tandika kete."

Bi Rukhsana akapangusa unga, akachora upya. "Mko katika ua wa kasri. Katikati kuna kisima kisicho na mwisho. Amiri yuko langoni, panga mkononi na ngao begani. Fakiri yuko juu ya ngazi ya mawe, mikono mitupu. Mnafanyaje?"

"Namshukia," nilisema. Nikatoa punje, nikapiga mara tatu.

Kete zilinilalia kifudifudi. Pigo la kwanza, ngao. La pili, ngao. La tatu likamgusa bega, nikamchukulia mbaazi moja tu.

"Amiri anapiga," alisema Mwanapili, akatupa kete bila hata ya kuzitikisa. Zote zilicheka mdomo juu. Nusu ya damu yangu ikaondoka kwa pigo lile moja.

"Fakiri wako ana njaa," alisema.

Hivyo ndivyo alivyo Fakiri, akisimama kifua kwa kifua na mwenye ngao huwa anakata roho kwa kujitakia. Nikabadilisha.

"Naruka kisima. Napanda ukuta."

"Kwa pumzi?"

"Kwa pumzi."

Amiri mwenye chuma mwilini hawezi kupanda ukuta. Nikamfanya anizunguke. Akija upande huu, mimi niko ule. Akinyanyua panga, mimi niko juu ya paa. Alipokuwa bado anazunguka nikakaa kitako, nikavuta pumzi zangu zikarudi. Wanawake waliokuwa wakimcheka Fakiri wakaanza kusogea karibu na sinia.

Mwanapili alikuwa akicheza kama mtu anayetwanga. Anatupa, anaokota, anatupa. Katikati ya zamu yangu aligeuza uso kwenye dirisha.

"Jua limefika wapi?" aliuliza.

"Kwani una miadi na nani?" nilimjibu. "Mumeo anakungoja?"

Watu wakacheka tena. Mwanapili aliinama, akaziangalia kete zilizomo kiganjani mwake. Aliponyanyua uso sauti yake ilikuwa ya taratibu.

"Time. Nnakuuliza mara ya mwisho, na hawa wote ni mashahidi. Unataka neno au unataka mchezo?"

Ndugu zangu, swali lile nimeulizwa kwa Kiswahili chepesi, mbele ya watu, mchana kweupe. Sikuulizwa kwa fumbo.

"Nataka mchezo," nilisema.

"Haya. Basi cheza."

Nikateremka ukutani. Nikatoa punje, nikaomba kidole cha ganzi. Mwanapili alitakiwa apate midomo mitatu ili ajiokoe. Akatupa. Akapata mmoja.

"Amiri ameganda," alisema Bi Rukhsana. "Amesimama ukingoni mwa kisima, macho yanaona, mwili hauna habari. Fakiri, unafanyaje?"

Ningesema ninamsukuma. Neno moja tu, na Amiri angetumbukia kisimani, mchezo ungekwisha, na mimi ningedai lile neno nililoahidi kulidai. Jua lilikuwa bado liko juu ya paa za Hurumzi.

Sikumsukuma.

"Namvua ngao," nilisema. "Hiyo ni kwa sare tuliyovaa."

Nikatoa punje.

"Namvua panga. Hiyo ni kwa sahani moja."

Nikatoa punje.

"Namvua kilemba. Hiyo ni kwa siku niliyolia magotini pako nikikwambia Mcha kabadilika, na wewe ukanipangusa machozi kwa upande wa kanga uliyonunuliwa na yeye."

Bi Rukhsana alisema kwa sauti ndogo, "Time, inatosha. Maliza."

"Bado. Namvua joho. Namvua viatu. Abaki kama mimi."

Nilimrudia zamu baada ya zamu. Akizinduka namgandisha tena. Pumzi zikipungua nakaa kitako mbele yake, mikono mapajani, nikijua kuwa hana cha kunikatia. Nilimpiga mbaazi mojamoja. Nilimtia midomoni mwa watu mpaka nikasikia utamu kwenye meno. Na Mwanapili kila nilipompiga alizisukuma mbaazi zake kwangu yeye mwenyewe, bila ya ubishi, kama anayelipa. Hakuniangalia mimi. Aliangalia dirisha.

Mbaazi ya mwisho ilipotoka nuru ya chumbani ilikwishageuka rangi ya machungwa.

"Fakiri ameshinda," alisema Bi Rukhsana, na hakusema kwa furaha. "Toa ombi lako, kisha mpeane mikono."

Nilisimama. Maneno haya niliyalalia na kuyaamkia tangu siku ile Savita aliponipa habari.

"Mimi sina ombi kwake. Nilichokitaka alikwishanipa alipoingia. Mcha kaapa mbele ya baraza nzima Darajani: Mwanapili akivuka kizingiti cha nyumba hii, kaachika. Kavuka. Kwa hivyo, Mwanapili, nenda kaonje eda. Utaijua ilivyo chungu."

"Time!" Bi Rukhsana aliiangusha sinia. Unga ukamwagika mkekani. "Nyumba yangu umeifanya mtego?"

Nilimwangalia Mwanapili nipate kuona atakavyoanguka.

Hakuanguka. Alikuwa anajifunga buibui lake, kipande kwa kipande.

"Nnajua nimeachika," alisema. "Nlivuka nikijua. Nlisimama pale chini, mguu mmoja nje, nikasema Bismillahi, nikavuka."

"Kwa ajili ya kanga?"

"Kanga?" Alicheka, na kicheko chake kilikuwa kibaya. "Kanga yako nimefutia jungu. Leo nimetoka kwenye foleni ya mchele nimerudi nyumbani, kabati la Tabia tupu. Nguo hazimo, viatu havimo. Jirani kanambia Mcha kamchukua kwa gari ya kazini pamoja na sanduku lake, kampeleka bandarini. Meli ya Pemba ni ya leo, Time. Si ya Jumamosi. Inaondoka magharibi."

Nilisikia kila neno na hakuna hata moja lililoniingia.

"Mwongo wee."

"Mimi nikenda bandarini nani atanisikiliza? Mama wa kambo. Lakini mama mzazi akilia getini, hata askari ana mama. Nikasema nimkimbilie Time. Nikakimbia na kandambili za uani kutoka Michenzani mpaka hapa. Yule mtoto mwaka mzima kalala ubavuni kwangu, anakuota wewe, anaamka analitaja jina lako, mimi ndiye ninayempangusa. Nikasema ndoa na iende."

"Mbona hukusema?" Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwengine. "Mbona hukusema, Mwanapili!"

"Nimesema! Neno la Tabia, nimesema, kila mtu kasikia. Ukaniita mwizi. Nimeiacha ndoa yangu pale kizingitini kwa ajili ya mwanao na wewe unanichekeshea watu. Basi na mimi nina moyo, Time. Si wewe peke yako mwenye moyo. Nikasema, anataka mchezo? Na acheze mpaka ashibe."

Nilimzaba kibao. Akanizaba. Tulishikana nywele juu ya unga na mbaazi, na Savita akaturukia katikati akipiga kelele, "Magharibi bado! Wajinga nyie, magharibi bado! Kimbieni!"

Tukakimbia. Sijui nani alimshika nani mkono. Ninachojua ni kwamba ngazini alinishika nisianguke, na kwenye kichochoro nilimngojea aokote kandambili iliyomvuka. Watu waliokuwa wakitoka madukani walibana ukutani kutupisha. Mimi sikuwa hata na mtandio. Kila kona niliyoikata niliona mbaazi moja: hii ndiyo ile ngao, hili ndilo lile joho, hivi viatu. Ningemsukuma tu.

Tulipotokea barabara ya bandarini, adhana ikaanza. Na adhana haijamalizika, meli ikalia.

Askari wa getini alitutanulia mikono. "Kina mama, wapi?"

"Mwanangu yumo melini!" nilipiga ukelele, na ndivyo alivyosema Mwanapili: hata askari ana mama. Mikono ikashuka.

Tulifika gatini meli imeshatoka. Si mbali. Ungeweza kuona mikono inayopunga, lakini usingeweza kujua ni ya nani. Niliita Tabia mpaka sauti ikakatika. Mwanapili aliita baada yangu, na sauti yake ilipokatika pakabaki maji.

Na hapo, kwenye ukingo wa gati, nikamwona mwanamme wa shati jeupe anapunga leso.

Alikuwa Mcha.

Hakuwa melini. Alikuwa amesimama nchi kavu, kama mtu aliyekuja kuaga wageni.

"Yuko wapi?" Nilimkamata shati. "Mwanangu yuko wapi?"

"Melini. Mimi nafuata Jumamosi." Alibandua vidole vyangu kimoja kimoja, akamtazama Mwanapili tangu kichwani mpaka kwenye kandambili. "Na wewe umetoka wapi na viatu hivyo?"

"Kwa Bi Rukhsana," alisema Mwanapili.

"Umevuka?"

"Nimevuka."

Mwenye mke ungemtegemea afoke. Mcha hakufoka. Alitikisa kichwa taratibu, kama aliyeletewa mzigo aliouagiza mwenyewe. "Basi tusigombane. Vitu vyako ntavifunga, tuma mtu aje avichukue."

Hapo mwili ukanifa ganzi. Kiapo kilichosemwa kwa sauti mpaka wapita njia wakasimama. Kikasemwa kwenye baraza ya kaka yake Savita, na mji mzima unajua Savita ni mtu wangu.

"Ulitaka aende," nilimwambia. "Ulitaka mimi nimwite."

"Sikumtuma mtu," alisema Mcha, akiikunja leso yake. "Nilisema maneno barazani, nikaenda zangu. Nimekaa nawe miaka, Time. Nilijua hutolala mpaka umlete."

Mwanapili alisogea akasimama ubavuni kwangu.

"Mtoto wa miaka minane hapelekwi Pemba peke yake," alisema. "Yuko na nani mle ndani, Mcha?"

Mcha aliitia leso mfukoni. Aliitazama meli, uso wake umetulia, umekaribia kucheka.

"Yuko na mamake," alisema.

Mimi na Mwanapili tukatazamana. Sote wawili, mama mzazi na mama wa kambo, tulikuwa tumesimama pale gatini.